Harufu ya Ng'ombe Inapandaje Mlimani?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nimekulia Kigoma ila sa hivi naishi Greeley, Colorado, huku Marekani, na huku mazizi ya kunenepeshea ng'ombe ni makubwa balaa, upepo ukigeuka harufu inakufuata mpaka chumbani. Juzi mwenzangu kazini kaniambia eti harufu hii hii inaharibu maziwa (yale ya maji, si ya kunywa) na vijito vya kule juu kwenye milima ya hifadhi ya Rocky Mountain. Nikamcheka, maji si yanatoka mlimani yanashuka kwetu? Uchafu wa bondeni unapandaje? Na hayo maji tunayokunywa vipi?

JIBU: Mwenzako kasema kweli ndugu yetu, mwombe radhi. Sahau mto kwanza, angalia upepo. Ile kitu inayochoma pua kwenye samadi na mkojo wa ng'ombe ni amonia, gesi yenye naitrojeni, kirutubisho kile kile cha mbolea, ikipaa inakuwa hewani, na humo humo kuna moshi wa magari na mitambo ya umeme ya Denver na miji jirani, nao una naitrojeni. Upepo wa huko mara nyingi unatoka magharibi, lakini kuna siku unageuka unatoka mashariki, unakutana na milima, hewa inapanda, inapoa, basi mvua au theluji inashuka na mzigo wote ule.

Kule juu zinaanguka kama kilo 3 za naitrojeni kwa hekta kwa mwaka. Najua mkulima wa mahindi atacheka, yeye anamwaga mara nyingi zaidi ya hapo, ila shamba lake lina udongo na mahindi ya kuinyonya, kule mlimani ni mawe, udongo kiduchu na majani yanayoota miezi michache tu, na zamani kabla ya viwanda inakadiriwa ilikuwa kilo 0.2 hivi. Halafu theluji inaitunza majira yote ya baridi, ikianza kuyeyuka tu maji ya kwanza kwanza ndo yanabeba naitreti (naitrojeni iliyoyeyuka majini) nyingi na kuishusha kwenye vijito kwa mpigo.

Wanasayansi wanafuatilia bonde la Loch Vale, huko huko Rocky Mountain, tangu miaka ya 1980. Kwenye tope la chini ya maziwa wakakuta kuanzia miaka ya 1950 aina za mwani zimebadilika, wale wanaopenda naitrojeni kina Asterionella formosa wamejaa. Na huko kwenye nyasi za mlimani, naitrojeni ikizidi nyasi na ndago zinanenepa zinayabana maua. Ikiendelea hivyo maji yanaanza kuwa na asidi, hapo sasa wadudu na samaki ndo wataumia.

Mwaka 2007 serikali iliweka mpango wa kushusha naitrojeni inayoletwa na mvua na theluji hadi kilo 1.5 kwa hekta kwa mwaka ifikapo 2032. Wafugaji nao wanapewa taarifa upepo wa mashariki ukikaribia ili wasigeuze wala kumwaga samadi siku hizo. Wazo zuri sana, ila ni hiari, na mimi kwenye hiari huwa nina mashaka.

Maji ya kunywa usiogope, naitreti ya maziwa hayo iko chini mno ya kikomo cha Marekani cha miligramu 10 kwa lita. Wanaosumbuka nayo ni mwani na maua, wewe kunywa tu.