Kabla ya kununua chemni ya taa ya kale, pima

Taa yangu ya kwanza ya kioo ilikuja bila chemni. Tangi lake lilikuwa la kijani kilichofifia, mguu mzima, shaba imejaa masizi, nami nikaamini imepungukiwa na kitu kimoja tu. Nikanunua chemni tatu kwa kukadiria na macho. Ya kwanza ilipwaya, ya pili ikakataa kuingia. Ya tatu ilikaa sawasawa, lakini nilipowasha, moto ulirefuka, ukawa mwekundu na kutoa moshi mpaka kioo kikawa cheusi. Siku hizi sitoki kutafuta vipande vya taa bila kalipa, kile kipimo cha taya mbili cha kupimia upana, mfukoni.

Kosa langu lilikuwa kuiona chemni kama kifuniko cha kuzuia upepo. Kazi yake hasa ni kuvuta hewa. Kichwa cha taa ile, yaani ile shaba inayobeba utambi, kilikuwa cha aina ya Kosmos, iliyotoka kwa watengeneza taa Wild & Wessel wa Berlin mwaka 1865. Utambi wake huingia ukiwa bapa, kisha hukunjwa na kutokeza juu ukiwa duara. Chemni yake ina kiuno chembamba karibu na chini, na kiuno hicho ndicho kinachoisukuma hewa ikutane na moto. Niliyoweka mimi ilikuwa imenyooka tu. Nilipopata yenye kiuno, kikiwa juu kidogo ya utambi, moto ule ule ukawa mweupe na mtulivu. Nilikaa kuutazama muda mrefu.

Taa za Kimarekani ni rahisi kuzizoea kwa sababu saizi zake zina namba. Pima upana wa ndani wa pete ya shaba iliyogandishwa kwenye shingo ya tangi. Ukipata takriban milimita 22, hiyo ni namba 1: utambi wake ni wa milimita 16 hivi, na chemni huwa na kitako cha milimita 64. Ukipata 32, ni namba 2, utambi wa milimita 25 na kitako cha 76. Vile vidole vya shaba vinavyoshika chemni unaweza kuvinyoosha polepole, ila visiibane. Kioo kikipata moto hutanuka, na kikikosa nafasi hupasuka. Ukiona tambi mbili bapa zimekaa sambamba, hicho ni kichwa cha dupleksi, kilichopata umaarufu kupitia mtengeneza taa Hinks wa Birmingham, Uingereza, nacho kinataka chemni yake yenye tumbo.

Sasa tarehe. Kwenye kile kigurudumu cha kupandishia utambi mara nyingi utakuta herufi na mwaka. P & A, kwa mfano, ni watengenezaji wa vichwa vya taa Plume & Atwood wa Connecticut, Marekani. Mwaka ulioandikwa hapo ni wa hataza, siku ubunifu ulipoandikishwa, na kiwanda kiliweza kuendelea kuchapa mwaka huo huo kwa miaka mingi baadaye. Kwa hiyo unakuambia kwamba kichwa hakitangulii mwaka huo, basi. Halafu kichwa na tangi si lazima vizaliwe pamoja. Vichwa viliungua, vikabadilishwa. Ni vipande vya skrubu. Mimi hukipa kioo uzito zaidi kuliko maandishi: naangalia mishono ya kalibu, mapovu, na mikwaruzo ya chini ya mguu, ambayo kwenye taa iliyotumika kweli huenda kila upande bila mpangilio.

Tochi ya urujuanimno, yaani mwanga usioonekana kwa macho (UV), inasaidia, lakini isikudanganye. Kioo kilichochanganywa na madini ya urani hung'aa kijani kikali chini ya tochi hiyo gizani. Chenye madini ya manganizi nacho hutoa kijani, ila hafifu, na watu wengi wameuziwa cha pili kwa bei ya cha kwanza. Beba na sumaku pia: ikinata kwenye kichwa kinachoonekana cha shaba, chini yake kuna chuma.

Jambo linaloniuma mpaka leo ni lile tangi la kijani. Nilililaza kwenye maji usiku kucha nikitaka litakate, asubuhi nikakuta pete imeng'oka. Pete hizi hushikwa kwa jasi, na jasi hulainika majini. Ukiwa na kioo kichafu, kioshe ndani kwa maji vuguvugu kidogo na sabuni, shingo ikae nje ya maji. Pete ikishang'oka, kwangua jasi kuukuu yote, koroga mpya iwe nzito, rudisha pete, kisha funga kichwa juu yake na utazame kutoka pande zote kama kimesimama wima kabla jasi haijashika. Futa iliyomwagika mapema. Gundi kali usiitie kabisa, maana atakayeirithi taa hataweza kuifungua bila kuvunja shingo.

Na kabla ya kutia mafuta, jaza maji tangi bila kuilowesha shingo, lisimamishe juu ya karatasi kavu mpaka kesho yake. Karatasi ikilowa, taa hiyo ni ya kutazama, usiiwashe.