Usiongeze methodi hata moja kabla hujajua h yako ni futi au mita

Simama hapo hapo mdogo wangu. Nimesoma swali lako mara mbili: uko Urambo, unajifunza lugha ya programu ya Java, una klasi (ramani ya kitu ndani ya programu) ya Tangi, na sasa unataka kuitia methodi, yaani vipande vya kupiga hesabu, za nishati, kanieneo (presha) na uwezo wa pampu. Unauliza kama methodi hizo zikae ndani ya klasi ileile au zitengwe, na jibu lichapwe vipi kwa desimali mbili. Mimi nilipofika kwenye mstari wako wa `double h, q, v;`, yaani kimo, mtiririko na kasi bila vipimo vyake, moyo ulinipiga paa. Ndio mstari niliouandika mimi hapa Kigoma, na ulimla mjomba wangu fedha za msimu mzima wa mawese.

Mjomba ana bustani kwenye mteremko juu ya ziwa. Alitaka maji yapande kutoka ufukweni hadi kwenye simtanki lake, lita 3,000 kwa saa, yaani lita 50 kwa dakika. Mimi ndio kwanza nimemaliza mafunzo ya mwezi mmoja ya programu, kichwa kimepamba moto, nikamwambia asimlipe mtu, hesabu nitampigia mimi. Nikaandika klasi ya Pampu. Konstrakta, ile sehemu ya klasi inayopokea namba za mwanzo, ilipokea h na q, na methodi ilikuwa moja, `uwezo()`: densiti ya maji mara g (mvutano wa dunia) mara kimo mara mtiririko, ambao niliugeuza humohumo kutoka lita kwa dakika, gawanya kwa ufanisi. Ufanisi niliuweka asilimia 40, pampu ndogo nyingi haziendi mbali na hapo. Fomula ilikuwa sahihi na ni sahihi mpaka leo.

Kimo nilikitafuta kwa simu. Nilisimama ufukweni, ile programu ya mwinuko ikaniandikia 2,530. Nikapanda mpaka kwenye simtanki jasho linanitiririka, ikaandika 2,661. Nikatoa, nikapata 131, nikaandika `new Pampu(131, 50)`. Jibu likatoka wati 2,675, karibu hosipawa 3.6. Mjomba akaagiza pampu ya hosipawa 4.

Simu ilikuwa inasoma futi. Pembeni ya namba palikuwa na herufi mbili za kijivu, ft, ndogo kama mayai ya chawa, nikazipita. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hapa kwetu mtoto aliyesoma jiografia anajua Ziwa Tanganyika liko takribani mita 770 juu ya usawa wa bahari. Ile 2,530 ilikuwa inanipigia kelele palepale ufukweni. Ilipoingia kwenye konstrakta ikawa h, na kuanzia hapo hakuna mtu ambaye angeigundua, awe mimi au fundi yeyote, maana h inakubali kuwa kitu chochote.

Pampu ilipofika tukaifunga kwenye jenereta ya mjomba. Akavuta kamba, jenereta ikanguruma vizuri. Nikabonyeza swichi. Jenereta ikakohoa mara mbili, balbu ya kibandani ikafifia ikawa nyekundu kama kaa, kisha kimya. Tukarudia, kimya. Tukarudia mpaka jua likazama upande wa Kongo. Mota kubwa namna ile wakati wa kuwaka huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishazunguka, jenereta ile isingeiweza hata kwa dua. Mjomba hakunifokea. Alikaa juu ya dumu tupu akaniuliza, "Sasa mjomba, ndio tununue na jenereta nyingine?" Nami nilikuwa nimebakiza neno moja kumjibu ndiyo.

Aliyetuokoa ni fundi wa ujenzi jirani yake. Alikuja na mpira wake mwembamba wa pima maji, tukapanda mteremko hatua kwa hatua, yeye anaweka alama kwenye fito na mimi naandika kwenye daftari. Juu kabisa tukajumlisha: mita 40 kasoro kidogo. Nikarudi kwenye kompyuta nikaweka 40 badala ya 131. Wati 817! Pampu ya hosipawa moja na nusu ingetosha na ziada ya msuguano wa bomba, nayo ndiyo iliyofungwa pale mpaka leo. Ile ya 4 tuliiuza nusu ya bei.

Yule aliyetufundisha programu bado nina hasira naye. Alituambia kompyuta haijui mita wala futi, namba ni namba tu, fupisheni majina msimbo (code) upendeze. Nilinyoosha mkono nikamuuliza vipimo viandikwe wapi, akanijibu hayo ni ya walimu wa fizikia. Kama kompyuta haijui, si ndio sababu ya sisi kuandika? Mwaka 1999 NASA, shirika la anga la Marekani, walipoteza chombo chao cha sayari ya Mars, Mars Climate Orbiter, kwa hilihili: programu moja ilitoa msukumo kwa paundi na sekunde, nyingine ikasoma namba zilezile kama nyutoni na sekunde, tofauti ya karibu mara 4.45. Wale ni wahandisi wa anga. Wewe na mimi tunajiaminia nini na h?

Kwa hiyo nakuomba: namba igeuzwe mlangoni, na jina libebe kipimo chake. Mlango ni konstrakta. Anayekuja na futi au lita avue viatu pale, ndani ya klasi kuwe na mita, kilo na sekunde peke yake.

`this.kimoMita = kimoFuti * 0.3048;`
`this.mtiririkoM3KwaSek = litaKwaDakika / 60000.0;`

Ukishafanya hivyo, methodi zako zote zitasoma kimoMita na hakuna itakayogeuza chochote. Ukiona 3600 au 0.3048 imejificha katikati ya methodi ya nishati, itoe, ipeleke mlangoni, la sivyo siku moja utageuza mara mbili bila kujua. Na majina yakiwa marefu acha yawe marefu. Ningekuwa nimeandika kimoMita, mkono ungesita kabla ya kuweka 131, maana mteremko wa mjomba unauona kwa macho.

Halafu jaribu kwa ndoo. Ndoo ya lita 20 ukiipandisha mita 1 ni jouli 196, kwa g ya 9.8. Methodi yako ya nishati ikitoa kitu kingine, usiendelee.

Mengine mawili niliyoyaona kwako: `1/2 * m * v * v` kwenye Java inatoa sifuri kila mara, kwa sababu 1/2 ni namba kamili mbili na Java ikizigawa hutupa desimali, andika 0.5. Na ile `Math.sin(30)` uliyoiweka kwa ajili ya mrusho inasoma radiani, kipimo kingine cha pembe kisicho digrii, itakupa karibu -0.988 wakati wewe unangoja 0.5. Pitisha pembe kwenye `Math.toRadians` kwanza, tena palepale mlangoni.

Badilisha majina leo usiku, uweke klasi nzima hapa pamoja na jibu la ndoo. Na kama pampu yenyewe ni ya kisima cha kweli huko Urambo, usinunue kitu mpaka umeshusha kamba kisimani ukaipima kwa futi kamba, upande wa mita.