Ustadh mpya, mirathi usiijibu papo hapo

Assalamu alaikum ndugu yangu. Umemaliza Safina na Abu Shujaa, vitabu vya mwanzo vya fiqhi, umepewa darsa baina ya Magharibi na Isha, na watu wameshaanza kukuita ustadh. Maswali yatakuja, na mazito hayatakuja darsani. Yatakufuata barazani, matangani na kwenye simu usiku: nimemtamkia mke wangu neno hili, je, ameachika? Baba amefariki, shamba tuligawe vipi? Muulizaji ana haraka. Wewe ukiwa nayo pia, unaichezea mali ya yatima.

Chukua mfano. Mtu amekufa, ameacha mke, baba, mama na mabinti wawili. Mafungu unayajua: mke thumuni (moja ya nane), baba sudusi (moja ya sita), mama sudusi, mabinti theluthi mbili. Haya, igawe mali sehemu 24 uyajumlishe. Ni 3, 4, 4 na 16, jumla 27. Mali imekwisha na bado kuna wanaodai. Aliyehifadhi mafungu peke yake hukwama hapa. Tena heri akwame, kwani asiyekwama humpunguzia mtu mmoja kwa rai yake, na aghalabu ni mjane. Huu ni mlango wa auli: mali inagawanywa kwa 27, kila mrithi anapungukiwa kwa kadiri ya fungu lake, na mke anapata 3 katika 27, yaani moja ya tisa. Mas'ala haya huitwa Mimbariya, kwa kuwa imepokewa kwamba Sayyidna Ali aliulizwa akiwa juu ya mimbari.

Na auli yenyewe ilianza kwa mtu kukiri kwamba hajui. Mwanamke alikufa akaacha mume na dada wawili. Nusu na theluthi mbili hazienei katika mali moja. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar alisema hajui ni yupi Mwenyezi Mungu amemtanguliza na yupi amemweka nyuma, akawashauri masahaba. Alikuwa khalifa, angeweza kukata kwa amri. Imamu Malik, mwanachuoni mkubwa wa Madina, naye husimuliwa kwamba aliulizwa maswali 48, na 32 akayajibu kwa "sijui". Watu wa Madina hawakuacha kumwendea.

Sasa dua. "Mola wangu, nizidishie ilimu" imo katika Surat Taha, aya ya 114, na aliyeamrishwa kuisema ni Mtume, rehema na amani zimshukie. Iseme kila siku kabla hujafungua kitabu. Lakini nakusihi, usisali rakaa mbili kisha wazo la kwanza litakalokujia ukalifanya fatwa. Mtazame Nabii Musa. Katika hadithi ya Bukhari aliulizwa nani mjuzi zaidi ya watu, akajibu "mimi", na Mwenyezi Mungu akamlaumu kwa kutoirudisha ilimu Kwake. Jibu la jambo lile halikushuka moyoni mwake akiwa amekaa. Alielekezwa kwa Khidhri, mja aliyepewa ilimu ambayo yeye hakuwa nayo, akatia samaki kapuni awe alama ya mahali pa kumkuta, na kufunga safari mpaka akachoka, kisha akaomba ruhusa ya kufuata na kufunzwa. Ukimwomba Mungu hekima, basi tarajia kuinuliwa ulipoketi na kupelekwa kwa mtu. Huenda akawa mzee usiyempenda sana, au mwanafunzi mwenzako aliyekupita katika faraidhi, yaani ilimu ya mirathi. Nenda.

Weka daftari. Mtu akikuuliza mirathi, mwambie "sijui, nitakuulizia", bila kujitetea. Andika warithi wote, wakiwemo wazazi wa marehemu, ambao familia huwasahau mara nyingi. Andika madeni na wasia, kwani hivyo hutangulia kabla ya kugawa. Peleka kwa sheikh wako au kwa kadhi, na umwombe akuoneshe njia ya hesabu, usichukue jibu tu. Kisha mtajie muulizaji siku utakayomrudia, na siku hiyo umrudie hata kama jibu bado halijapatikana.