Trei za mayai hazizuii sauti ya ngoma isitoke gerejini

Kaka, umeuliza kama ukibandika trei za mayai kwenye kuta za gereji unamopigia ngoma, jirani hatasikia kelele. Hapana, hazitamsaidia hata kidogo. Zinapunguza mwangwi kidogo humo ndani, tena wa sauti nyembamba tu, na sponji ni hivyo hivyo. Kinachozuia sauti isitoke ni uzito na kuziba upenyo. Kwa hesabu, ukuta ukizidisha uzito mara mbili sauti inayopita inapungua kama desibeli 6 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ndiyo maana kubandika vitu vyepesi ni kupoteza hela.

Mimi ni fundi jipsamu, na katika gereji nilizofanyia kazi, kuta ndizo zilikuwa na nafuu. Tofali la inchi 6 lililopigwa plasta pande zote mbili linazuia vizuri sana. Sauti inapita kwenye geti la bati, chini ya mlango, kwenye matundu ya hewa na juu kwenye paa. Anza huko: mlango mzito wenye mpira pembeni kote, nyufa zote zibwe kwa silikoni. Ukitaka zaidi, simamisha fremu ya mbao isiyogusa ukuta wa zamani, jaza pamba ya mawe, kisha funga bodi za jipsamu tabaka mbili. Dari nayo vivyo hivyo.

Ngoma kubwa lakini hupita hata sakafuni, kwa hiyo iweke juu ya jukwaa lenye mpira chini. Na gereji ukishaiziba hivyo, usiwashe gari wala jenereta humo ndani. Moshi wake unaua.