Jibu: Kina mama wa chama kunyimwa nafasi kwenye kamati ya ardhi

Habari dada. Umesema chama chenu cha kina mama wa Kimaasai kinakopesha na kulipia watoto karo, lakini ranchi ya kikundi (ardhi iliyomilikiwa pamoja na walioandikishwa) ilipogeuzwa kuwa ardhi ya jamii, wazee wakawaambia kamati haiwahusu kwa kuwa hammo kwenye orodha ya wanachama.

Anzeni na hiyo orodha, msikimbilie kubishania viti. Ranchi nyingi za zamani ziliandika wanaume tu, wenye boma. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya Kenya ya 2016 inasema mkutano wa jamii ni wa wanachama wote watu wazima, na aliyeolewa na mwanajamii ni mwanachama moja kwa moja. Kwetu, sisi kina mama tulipita boma kwa boma jioni, baada ya kukamua, tukaandika jina la kila mama kama lilivyo kwenye kitambulisho. Wasio na kitambulisho ndio hukwamisha kazi, kwa hiyo washughulikieni mapema sana.

Kisha viti. Kamati huwa ya watu 7 hadi 15, na akidi ya mkutano, yaani idadi ya chini ya wanachama wanaotakiwa ili uamuzi ufanyike, ni theluthi mbili. Hapo ndipo nguvu yenu ilipo: kina mama wakishaingia kwenye rejista, bila wao akidi haitimii kirahisi. Ongeeni na wazee wawili watatu kabla ya siku yenyewe, maana mzee akipingwa hadharani hukaza. Na mpendekezeni mama anayejua mipaka na visima vyema, si lazima awe mwenyekiti wa chama.