Mchoro wa kuletewa: kipi uiachie makro, kipi ushike mwenyewe

Hapa Mtwara kazi nyingi za stika na fulana zinaanzia kwenye faili la mtu mwingine. Fundi ramani anakuletea DXF (faili la michoro ya ramani), chama cha msingi kinakutumia PDF ya nembo yake, kikundi cha ngoma kinaleta mchoro wa lipiko, kinyago cha Kimakonde cha kuvaa usoni. Ukilifungua kwenye CorelDRAW, programu yetu ya kuchorea, unaona mambo safi. Hamia kwenye mwonekano wa mistari mitupu, usio na rangi, ndipo uchafu unajitokeza: mstari mmoja umekatika vipande vipande, mingine imelaliana, unene haulingani, na fremu zisizoonekana zimejaa kila kona. Plota, mashine ya kukata stika, haijui kusamehe. Palipolaliana mistari miwili kisu kinapita mara mbili, na stika inachanika.

Usafi huo ukiufanya kwa mkono kila faili, siku inaisha hujakata kitu. Ndiyo maana nawasihi vijana wanaoanza kazi hii wajifunze mapema makro, yaani hatua zilizorekodiwa ambazo kompyuta inazirudia yenyewe. Huhitaji kujua kuandika programu za kompyuta. CorelDRAW ina kinasa chake: unabonyeza kurekodi, unafanya hatua zako, unasimamisha, basi.

Ila kuna jambo moja linalowakwamisha wengi. Chagua maumbo yako KABLA ya kuanza kurekodi. Ukifanya hivyo, makro inaandika kwamba ifanye kazi kwenye chochote kilichochaguliwa. Ukichagua ukiwa umeshaanza kurekodi, inakariri umbo la kwanza, la tatu na la saba la faili lile lile, na ukiipeleka kwenye faili jingine inavuruga au inagoma kabisa.

La pili ni vipimo. Bonyeza Alt+F11 uisome makro uliyorekodi. Kama uliweka mstari mwembamba kuliko yote, utakuta namba 0.003. Hizo ni inchi, sawa na milimita 0.076 hivi, kwa sababu makro za CorelDRAW huhesabu kwa inchi usipoziambia vinginevyo. Mtu akibadilisha pale akaandika 0.5 akidhani ni nusu milimita, anapata mstari wa milimita 12.7 na mchoro mzima unageuka doa jeusi. Ndani ya makro, chini tu ya mstari unaoanza na Sub, andika ActiveDocument.Unit = cdrMillimeter, halafu ubadilishe namba zote zifuate milimita.

Ukiwa humo humo, weka ActiveDocument.BeginCommandGroup mwanzoni na ActiveDocument.EndCommandGroup mwishoni. Hapo Ctrl+Z moja inarudisha kazi yote ya makro. Kwenye ramani ya nyumba yenye maelfu ya vipande, hiyo pekee inaokoa jioni yako.

Mpangilio wangu ni huu: kutawanya makundi yote, kusawazisha unene wa mistari, kuondoa rangi za ndani. Hayo hayahitaji jicho, makro iyabebe. Kuunga ncha zilizoachana naifanya nusu kwa nusu: nafasi ndogo sana inaungwa yenyewe, kubwa naitazama kwanza, maana kwenye ramani nafasi ile inaweza kuwa mlango.

Kupunguza nodi, vile vidoti vinavyoshika umbo la mstari, siiachii makro hata siku moja, hasa kwenye sanaa ya Kimakonde. Mzee aliyeleta lipiko alinyoosha kidole kwenye chale za shavuni kabla hata hajauliza bei. Zile ni mistari mifupi, ya pembe kali, imepangwa kwa makusudi. Kwa kompyuta ni kelele za kulainishwa. Kwa wenyewe ndiyo sura ya kinyago. Vuta karibu, futa nodi moja moja, acha pembe zibaki pembe.

Makro zako zinakaa kwenye faili lenye mwisho wa .gms. Linakili kwenye flashi leo hii, maana siku Windows ikipigwa upya, hilo faili ndilo fundi wa kompyuta hatalikumbuka.