Ukitaka kuona roketi ikiruka, usipike pilau

Msomaji mmoja wa Mwanza ameniandikia wiki hii. Amenunua TV ya inchi 55, anataka kuona roketi ikirushwa mubashara, na ameshaalika wenzake wa kazini. "Kaka, nianzie wapi?" Nikacheka, halafu moyo ukanichoma, maana kosa hilo nililifanya mimi mwaka 2022 na shemeji yangu hajanisamehe mpaka leo. Au tuseme mimi ndiye sijamsamehe.

Ilikuwa Artemis I, roketi ya NASA, shirika la anga la Marekani, yenye urefu wa mita 98, ikienda kuzunguka Mwezi. Jumatatu ya tarehe 29 Agosti niliomba ruhusa kazini nikisingizia jino. Roketi ilipangiwa saa 9:33 alasiri kwa saa zetu. Nimekaa, chai mezani, saa ya kuhesabia ikasimama kwenye dakika 40. Ikabaki hapo hapo. Injini namba 3 ilikuwa haionyeshi kupoa inavyotakiwa. Wakaahirisha, nami kesho yake nikaulizwa hali ya jino.

Mwenye akili angekoma. Mimi nikaona Jumamosi ya 3 Septemba, saa 3:17 usiku, ni muda mzuri kabisa wa kualika watu. Nikaalika kumi na mmoja. Mke wangu akateleka pilau, nikaazima viti vya plastiki kwa jirani, simu nikaiunganisha na TV bila waya. Saa 12:17 jioni, wageni wa kwanza wanavua viatu mlangoni, mkurugenzi wa urushaji, Charlie Blackwell-Thompson, akasitisha kila kitu. Hidrojeni, mafuta ya roketi, inavuja. Shemeji akaitazama TV, akanitazama mimi, akasema, "Shem, ndiyo mwezini kwenyewe huku?" Watu wakala pilau wakaangalia mpira. Mpaka leo nikitoa wazo kwenye kikao cha familia, kuna mtu nyuma ananong'ona "hidrojeni".

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Mwanza, futa mwaliko. Jaribio la kwanza tazama peke yako. Wenzetu wa Kenya wanalijua hili: satelaiti yao ya Taifa-1 iliahirishwa zaidi ya mara moja kabla ya Falcon 9, roketi ya SpaceX, kampuni ya Elon Musk, kuondoka nayo California tarehe 15 Aprili 2023, saa 3:48 asubuhi yetu. Roketi haijali nani ameazima viti.

Halafu saa. Usihesabu kutoka saa za Florida, kule NASA ilikorushia Artemis, maana Wamarekani wanasogeza saa zao mara mbili kwa mwaka. Tofauti yetu nao huwa 7, mara inakuwa 8. Tafuta muda wa UTC, ile saa ya pamoja ya dunia, toa 3, unapata saa ya Kiswahili moja kwa moja. Saa 06:47 ya UTC ni saa 3:47 asubuhi. Jibu likizidi 12, toa 12; likipungua 1, ongeza 12. Nashangaa hakuna aliyetufundisha shuleni.

Picha sasa. Ile ya kuunganisha simu na TV bila waya achana nayo, inagandaganda wakati wenyewe. Fungua matangazo kwenye TV yenyewe, na ikiwezekana vuta waya wa mtandao kutoka kwenye ruta. Mimi nilinunua wa mita 10 baada ya aibu ile. Picha ya 1080p, yaani HD kamili, inataka kasi ya mtandao kama Mbps 5, ya 4K, iliyo kali zaidi, inataka kama 20, na kama unatumia bando, saa moja ya 1080p inaweza kula GB 2 au 3. Matangazo ya kuhesabu huenda saa nyingi, watu wanaongea tu. Ingia nusu saa ya mwisho. Na punguza ule mwanga mkali ambao TV huwekewa dukani ili ivutie. Roketi ikiruka usiku na mwanga ule, moto wote unakuwa doa jeupe.

Tafuta chaneli ya NASA yenyewe. Wakati wa roketi za SpaceX, YouTube hujaa chaneli za uongo zenye sura ya Elon Musk akiahidi kukurudishia Bitcoin mara mbili. Kijana mwenye TV ya 4K asiyejua kusoma jina la chaneli anasikitisha kuliko asiye na TV. Mnataka vitu vikubwa lakini hamna subira ya kuangalia vidogo! Subira, jamani. Mimi nilisubiri miezi miwili na nusu.

Tarehe 16 Novemba sikumwambia mtu. Jumatano, niko zamu ya mchana, nyumbani tuko mimi na mama mkwe anayechambua mchele kwenye ungo. Kule Florida ni usiku wa manane. Kwanza kukatokea uvujaji mwingine, watu watatu wakatumwa kwenye roketi iliyojaa mafuta kwenda kukaza bolti. Kisha kituo kimoja cha rada kikapoteza mawasiliano, kumbe swichi ya mtandao imekufa. NASA nzima! Nikaitazama ruta yangu kwa huruma.

"Humo ndani mna watu?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Mna sanamu, imevalishwa nguo za wanaanga. Inaitwa Kamanda Campos."

"Wanakesha hivi kwa ajili ya sanamu?"

Saa 3:47. Injini nne zikawaka chini ya tangi la rangi ya chungwa, sekunde kadhaa baadaye roketi saidizi mbili za pembeni zikawaka kwa mwanga mkali, na sebule yetu yote ikawa ya manjano, mpaka mchele. Picha haikuganda hata mara moja. Dakika mbili na kitu zile za pembeni zikaachia, zikadondoka kama njiti mbili zinazozima.

Mama mkwe alikuwa ameweka ungo chini. Akaniambia nirudishe nyuma, aone tena. Nilimrudishia mara tatu. Mwanawe, yule shemeji, aliiona kesho yake, kwenye simu.